Jaji Hafungwi na Maoni Yao

Mwaka jana binamu yangu anayeishi Texas alituma picha kwenye grupu la familia la WhatsApp. Ilikuwa barua ya mahakama, na chini yake akaandika: "Nimeitwa juri. Nifanyeje nisiende?" Ana uraia wa huko sasa, kwa hivyo hawezi kuikwepa. Grupu likachangamka. Mjomba akamwambia aseme ana mbuzi wa kuchunga. Shangazi akauliza kama kuna marupurupu.

Siku chache baadaye alituma ujumbe wa sauti wa dakika saba. Alisema aliingizwa kwenye ukumbi na watu karibu hamsini, mawakili wakaanza kuwauliza maswali mmoja mmoja. Umewahi kuibiwa? Una ndugu polisi? Ukimsikia polisi akitoa ushahidi, utamwamini kuliko mtu mwingine? Yeye alisema kaka yake ni polisi Kenya, na wakili mmoja akamwondoa hapo hapo. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeponea.

Krismasi nilipoenda nyumbani Kiritiri, nilimchezea babu ule ujumbe. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, yeye na redio yake, mimi na simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie. Halafu akasema, "Hata mimi niliitwa."

Nilidhani amechanganya mambo. Kenya hatuna juri, hilo nililijua. Lakini babu alikuwa akizungumzia jambo lingine ambalo kizazi chetu hakijawahi kuliona, na ambalo mpaka siku hiyo nililijua kwa jina tu: wazee wa baraza.

Ilikuwa 1989, wakati Mbeere ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Embu. Chifu alikuja na karatasi, akamwambia jina lake limependekezwa kwa sababu ni mtu mzima, ana heshima na hana kesi na mtu. Baadaye ikaja barua yenye muhuri. Siku iliyotajwa alipanda matatu ya kwanza kwenda mjini akiwa amevaa koti lake la kanisani. Kule mahakamani akawakuta wanaume wengine waliovaa makoti yao ya kanisani. Karani akasoma majina matatu. Mshtakiwa, kijana wa miaka ishirini na kitu, akaulizwa kupitia mkalimani kama ana neno dhidi ya yeyote kati ya hao watatu. Akawatazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa. Uteuzi ukaishia hapo. Binamu yangu alihojiwa nusu siku akaachwa. Babu hakuulizwa swali hata moja, akachukuliwa.

"Alinitazama vizuri kabisa," babu aliniambia. "Kama mtu anayemkagua ng'ombe sokoni. Kisha akanikubali."

Kesi ilikuwa ya mauaji.

Ili uelewe babu alikuwa ameketi kwenye kiti gani, inabidi turudi nyuma, maana Kenya iliwahi kuwa na juri. Ila haikuwa ya kila mtu. Wakati wa ukoloni, Mzungu akishtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na juri ya Wazungu wenzake. Neno la juri lilikuwa na nguvu: wakisema hana hatia, jaji hakuwa na la kufanya, mtu anakwenda nyumbani.

Na walikwenda nyumbani kweli. Mwaka 1911 mlowezi Galbraith Cole alishtakiwa kwa kumpiga risasi na kumuua Mwafrika aliyemshuku kwa wizi wa kondoo. Hakukana kwamba alifyatua. Juri ikamwachilia. Serikali ya kikoloni yenyewe iliona aibu, ikamfukuza nchini kwa amri ya utawala kwa kuwa mahakama ilikuwa imeshamaliza naye. Mwaka 1923, kule Molo, mlowezi Jasper Abraham alimchapa mfanyakazi wake aliyeitwa Kitosch kwa sababu alimpanda farasi badala ya kumwongoza kwa miguu. Kitosch alifungwa kamba ndani ya stoo, akafa usiku huo. Juri ya walowezi ilikataa kusema ni mauaji, ikasema ni kosa la kumdhuru mtu vibaya. Kifungo kikawa miaka miwili. Mojawapo ya hoja zilizotolewa ni kwamba marehemu mwenyewe alitaka kufa. Karen Blixen aliiandika hadithi hiyo katika kitabu chake kuhusu maisha ya Kenya, na ukiisoma leo bado utashangaa kwamba watu wazima walikaa chumbani wakaikubali hoja kama hiyo.

Mwaka 1941 juri ya Wazungu ilimwachilia Sir Jock Delves Broughton, aliyeshtakiwa kumuua Lord Erroll nje ya Nairobi. Wengi wanaijua kesi hiyo kwa sababu ya filamu. Mara chache sana mambo yalikwenda upande mwingine. Mwaka 1959 Peter Poole alimpiga risasi Kamawe Musunge, aliyekuwa amewarushia mbwa wake mawe. Safari hii juri ya Wazungu ilimwona ana hatia. Poole alinyongwa Nairobi tarehe 18 Agosti 1960, Mzungu wa kwanza Kenya kunyongwa kwa kumuua Mwafrika. Kufikia hapo ukoloni ulikuwa umebakiza miaka mitatu.

Mwafrika je? Yeye hakupewa juri. Alipewa jaji, na kando ya jaji wakakalishwa watu watatu walioitwa kwa Kiingereza jina lenye maana ya wapimaji, na kwa Kiswahili wazee wa baraza. Kazi yao ilikuwa kumsaidia jaji, hasa kumweleza mila za watu ambao yeye hakuwajua. Walisikiliza ushahidi wote. Mwishoni jaji aliwafupishia kesi, kisha kila mmoja akasema kwa mdomo anavyoona. Halafu sheria ikaongeza kifungu kifupi ambacho ndicho roho ya jambo lote: jaji hafungwi na maoni yao.

Hebu fikiria hesabu hiyo. Wazungu kumi na wawili waliketi na neno lao likamfunga jaji. Waafrika watatu waliketi na neno lao halikumfunga mtu yeyote. Hata hivyo ukipiga picha mahakama zote mbili, utaona raia wa kawaida wameketi mbele, na utasema: tazama, watu wanashirikishwa.

Hakuna mahali picha hiyo ilipotumika vizuri kama Nyeri, Novemba 1956. Dedan Kimathi alikuwa amekamatwa Oktoba 21, akiwa na jeraha la risasi. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola, kosa ambalo wakati wa Hali ya Hatari lilikuwa na adhabu ya kifo. Aliyesikiliza kesi alikuwa Jaji Mkuu wa koloni, Sir Kenneth O'Connor, pamoja na wazee wa baraza watatu, wote Waafrika. Kimathi alijitetea kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Wazee wote watatu walisema ana hatia. Jaji akakubaliana nao, na tarehe 18 Februari 1957 Kimathi akanyongwa Kamiti. Mpaka leo utasikia watu wakisema Kimathi alihukumiwa na juri ya Waafrika. Hapana. Hakukuwa na juri. Kulikuwa na watu watatu ambao, kama wangesema hana hatia, jaji angeweza kuandika maoni yao kwenye daftari na kuendelea na safari yake.

Nilikuwa nimesoma haya yote kabla ya Krismasi ile, na msimamo wangu ulikuwa rahisi: wazee wa baraza walikuwa pambo la kikoloni. Uhuru ulipokuja juri ya Wazungu ikaondoka, lakini hili pambo likabaki kwenye vitabu. Lilibaki chini ya Kenyatta, chini ya Moi, na kwa miaka kadhaa chini ya Kibaki. Likafutwa mwaka 2007, ndani ya sheria moja ya marekebisho madogo madogo iliyogusa sheria nyingi kwa pamoja. Mwaka huo wa uchaguzi nchi nzima ilikuwa inaangalia mikutano ya kampeni. Sikumbuki mtu yeyote mtaani akilia kwa ajili ya wazee wa baraza. Nami niliona ni sawa.

Halafu babu akanisimulia kesi yake.

Vijana walikuwa wamepigana usiku kwenye pombe. Mmoja akachomwa kisu akafa. Kulikuwa na giza, kulikuwa na watu zaidi ya watano, na hakuna aliyesema ameona kisu kikiingia. Hoja kubwa dhidi ya mshtakiwa ilikuwa kwamba alitoroka usiku ule ule, akapatikana wiki mbili baadaye ng'ambo ya Mto Tana, Ukambani. Upande wa mashtaka ukauliza swali ambalo kila mtu wa mjini angeuliza: kama huna hatia, unakimbia nini?

"Hapo ndipo nilipojua kwa nini nimeitwa," babu alisema. "Wale mawakili hawakuwa watu wa huku. Jaji hakuwa mtu wa huku. Mimi najua. Mtu akiuawa kwenye ugomvi, kila aliyekuwa pale anakimbia. Mwenye hatia anakimbia, asiye na hatia anakimbia. Ndugu za marehemu wana mishale, na usiku hawaulizi. Unakaa mbali mpaka wazee wa koo mbili wazungumze. Asiyekimbia ndiye ningemshangaa."

Siku ya mwisho jaji aliwafupishia kesi. Kisha akamgeukia mzee wa kwanza. Yule akasema ana hatia. Akamgeukia babu. Babu alisimama, ingawa hakuambiwa asimame, akaeleza habari ya kukimbia, mwanzo hadi mwisho, kama anavyoeleza mambo kwenye kikao cha ukoo. Anakadiria alizungumza dakika tano. Mkalimani alizungumza kwa muda mfupi sana. Jaji akaandika mstari mmoja.

"Mmoja?"

"Nilikuwa karibu. Niliona mkono. Ulikwenda hivi, ukaisha." Alichora mstari hewani kwa kidole.

Mzee wa tatu naye akasema hana hatia. Kwa hivyo ilikuwa wawili kwa mmoja. Hukumu ilisomwa siku nyingine, kwa Kiingereza, na babu aliambiwa baadaye na karani: jaji amekuwa na maoni tofauti. Miaka hiyo kosa la mauaji lilikuwa na adhabu moja tu. Kijana alihukumiwa kunyongwa. Babu akalipwa posho yake, ambayo anasema ilitosha nauli na sukari, akarudi Kiritiri.

Hapa alinyamaza. Redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Kisha akasema jambo ambalo nadhani hakuwahi kumwambia mtu, maana hata nyanya, aliyekuwa mlangoni, aliacha alichokuwa akifanya.

"Nimekuwa nikifikiri mimi ndiye sikueleza vizuri. Kama ningesema kwa ufupi. Kama ningezungumza Kiswahili badala ya Kimbeere. Yule mkalimani hakuwa mtu wa hapa, labda hakunisikia. Yule kijana alinikubali, na mimi nikashindwa kumtoa. Wakamnyonga."

Niliuliza tena mwaka. Akasema 1989, mwaka ambao shangazi yangu wa mwisho alizaliwa, hawezi kuukosea.

"Babu," nikamwambia, "hawakumnyonga."

Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Wa mwisho walikuwa Hezekiah Ochuka na wenzake, wanajeshi wa lile jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Baada ya hapo majaji waliendelea kutoa hukumu ya kifo, na magereza yakaendelea kujaa watu waliosubiri kamba ambayo haikuja. Agosti 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia adhabu zaidi ya watu 4,000, ikawa kifungo cha maisha. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa wengine 2,747. Na Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikasema kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Haya ni mambo yaliyo wazi, yametangazwa kwenye redio hiyo hiyo ya babu. Lakini hakuna aliyewahi kuyaunganisha na kijana yule. Hakuna ofisi iliyokuwa na jukumu la kumwandikia mzee wa baraza barua na kumwambia yaliyotokea baadaye.

Babu hakufurahi kama nilivyotarajia. Aliuliza, "Kwa hivyo yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Angeweza kuwa amefia gerezani kwa ugonjwa, watu wengi walifia humo. Angeweza kuwa ameachiliwa na rufaa. Angeweza kuwa mzee sasa, anauza muguka kwenye soko ambalo babu hupita kila Jumamosi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu kuutetea msimamo wangu wa zamani, na unanishinda. Bado naamini mfumo ule uliundwa ili Mwafrika aonekane ameketi bila kusikika. Lakini mtu aliyeketi pale hakuwa pambo. Alikuwa anasikiliza. Alileta mahakamani jambo moja ambalo hakuna mwingine chumbani aliyelijua, yaani kwamba kukimbia hakuna maana ile ile kila mahali. Na alibeba uzito wote ambao mwanajuri hubeba, miaka thelathini na zaidi, bila kupewa nguvu hata kidogo ya mwanajuri. Huo ndio udhalimu ninaouona sasa: walimpa dhamiri ya kazi wakamnyima kazi yenyewe.

Ubaya wa jambo ulikuwa kile kifungu kinachosema jaji hafungwi. Mwaka 2007 tungeweza kukifuta kifungu hicho, au angalau kumlazimisha jaji aandike kwa kirefu mzee amesema nini na kwa nini hakubaliani naye. Tulichagua kumwondoa mzee na kumwacha jaji peke yake. Kesi ambazo bado zilikuwa zinaendelea zikaishia kwenye ubishi wa mawakili: je, kesi iliyoanza na wazee ni lazima iishe nao? Ile ya Tom Cholmondeley, mjukuu wa walowezi aliyeshtakiwa kwa kumuua Robert Njoya mwaka 2006, ilikuwa mojawapo ya zile za mwisho kubwa kusikilizwa na wazee wa baraza. Hebu tazama historia inavyozunguka: mtu ambaye babu yake angehukumiwa na juri ya Wazungu, yeye alisikilizwa mbele ya wazee wa baraza. Na pale pia, neno la mwisho lilikuwa la jaji, aliyempata na hatia ya kuua bila kukusudia na kumfunga miezi minane.

Utaniambia wazee hawajaondoka, wako kila mahali. Ni kweli. Huku kwetu wamekuwa wakiitwa na serikali tangu enzi za upimaji wa mashamba, chini ya sheria ya 1968, kusema ukoo gani ulilima wapi. Mwaka 1990 sheria nyingine iliwapa mabaraza ya migogoro ya ardhi, kisha mwaka 2011 ikaondolewa. Meru wana Njuri Ncheke. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaziambia mahakama zihimize njia za kimila za kusuluhisha, mradi zisivunje haki. Mwaka 2013 Mahakama Kuu Nairobi ilikubali hata kesi ya mauaji iondolewe kwa sababu familia mbili zilikuwa zimepatana nje, kwa mila na dini yao. Lakini hiyo ni milango ya nje. Ndani ya chumba, mtu anaposhtakiwa kwa jina la Jamhuri, yaani kwa jina lako na langu, hakuna hata mmoja wetu anayeketi mbele. Tunaketi kwenye mabenchi ya nyuma, simu zimezimwa.

Na nyanya alikuwa na lake. Alisema kutoka mlangoni, bila kuinua sauti, kwamba miaka yote hiyo hajamsikia chifu akipeleka jina la mwanamke wa hapa kijijini. "Na kwenye hiyo pombe," akasema, "waliokuwa wanauza ni wanawake. Wangejua nani alikuwa na kisu."

Nilipokuwa nakaribia kurudi Nairobi, babu aliniuliza kama binamu yangu ataitwa tena. Nikamwambia kule wanaita mara kwa mara, jina linatoka kwenye kompyuta. Akaniambia nimrekodie ujumbe. Nikashika simu mbele yake, naye akaisogelea sana, kama wanavyofanya wazee wote.

"Mjukuu wangu," alisema, "wakikuita tena, usiseme una kaka polisi. Kaa. Kwenu huko wakisema wamesikia, wamesikia."

Kisha akanirudishia simu, akaniuliza kama kuna mahali mtu anaweza kupeleka jina la mfungwa wa zamani wakamtafutia. Nimempa jibu la kijana wa mjini: nitaangalia. Jina analikumbuka lote matatu, na jina la baba yake, na la kijiji. Nimeliandika. Jumatatu nitaanza kupiga simu.